Somo kwa Mafundi wa Sanaa: Linda Meza Yako Dhidi ya Upepo, Mvua na Bamvua

Ndugu mkazi wa Lamu, kofia moja ya vito huchukua wiki nyingi kushonwa, na jahazi dogo la kuchonga halimalizwi kwa siku moja. Upepo wa dakika tano unaweza kuharibu kazi hiyo yote kabla mnunuzi hajafika. Tamasha na maonyesho yetu hufanyika nje, mara nyingi mwezi wa Novemba, wakati pepo zinapogeuka na mvua za vuli zinanyesha. Somo hili linaeleza namna ya kujiandaa.

1. Ijue ardhi kwanza
Tembelea mahali utakapopangiwa siku moja kabla. Kwenye barabara ya pwani na uwanja ulio mbele ya Ngome, ardhi ni ngumu na vigingi haviingii. Katika ufuo wa Shela, vigingi huingia upesi na kung'oka upesi. Usipigilie misumari wala kufunga kamba kwenye kuta za nyumba za kale. Mji wa Kale uliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na ni wajibu wetu sote kuutunza.

2. Funga hema kwa uzito
Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una uzito wa kilo 20. Weka mmoja kwenye kila mguu wa hema, kisha ufunge kwa kamba inayoshuka kutoka pembe ya juu. Mtungi unabebwa mtupu na kujazwa pale pale, jambo linalopunguza gharama ya punda au hamali. Kwenye mchanga, jaza gunia mchanga, lifunge kamba, ulizike kwa kina cha nusu mita.

Kumbuka kuwa kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Hema lililotulia asubuhi linaweza kuruka alasiri, upepo wa baharini unapozidi. Likianza kuinuka, shusha paa mapema. Usining'inie kwenye nguzo, na waondoe watoto karibu.

3. Hesabu maji ya bahari
Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hivyo saa ya jana si saa ya leo. Waulize manahodha na wavuvi maji yatafika wapi, kisha upange meza juu ya alama hiyo. Sanduku la bidhaa lisikae chini. Liinue juu ya mbao au mawe.

4. Jua na mvua
Mti wa kuchonga ukipigwa na jua kali ghafla hupasuka, na rangi za nguo hupauka. Elekeza mgongo wa hema magharibi ili upate kivuli alasiri. Weka turubai karibu, si nyumbani. Paa likijaa maji, lisukume kwa ndani maji yamwagike kabla uzito haujavunja nguzo. Ukisikia radi, acha hema na uingie ndani ya jengo.

5. Biashara iendelee
Meza ikiyumba, weka kipande cha ubao chini ya mguu. Bidhaa nyepesi zifungwe kwa uzi au ziwekwe ndani ya kikapu. Andika namba yako ya malipo ya simu kwenye ubao, si karatasi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017. Tumia ya karatasi au vikapu vya ukili.

Mwisho, kubalianeni na jirani wa meza ya pili: mmoja akienda kuswali au kula, mwingine aangalie mawingu na kamba za wote wawili. Mali ya fundi ni jasho lake. Tuilinde mapema.