Utabiri wa juma: mstari wa Pwani pekee hautoshi kwa Ngao

Mwezi Machi hali ya hewa katika eneo la Ngao huwa haitabiriki kwa kuangalia juu tu. Asubuhi jua ni kali, alasiri mawingu yanajikusanya, usiku mvua inapiga nusu saa na kukoma. Siku ya pili vumbi limerudi barabarani, na wakulima wa kando ya Mto Tana wanaulizana kama masika yameingia.

Sababu ni upepo. Kaskazi, ambayo huleta ukavu tangu Desemba, hulegea mwezi Machi, na kusi huwa bado haijashika. Katikati yake huvuma matlai, upepo mwepesi wa mashariki. Mvua za kipindi hicho hunyesha kwa mabaka: Tarasaa inaweza kulowa na Golbanti ikabaki kavu. Katika ukanda wa Pwani, mvua za masika kwa kawaida hufikia kilele mwezi Mei. Kwa hiyo anayetumbukiza mbegu zote za mahindi ardhini baada ya mvua ya kwanza ya Machi anacheza kamari, kwani wiki mbili za jua zinatosha kuua miche.

Hapo ndipo utabiri wa kila juma wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa unapofaa, ila lugha yake ina vipimo vyake. Utabiri unaposema mvua itanyesha "maeneo machache", maana yake ni chini ya asilimia 33 ya eneo lililotajwa. "Maeneo kadhaa" ni kati ya asilimia 33 na 66, na "maeneo mengi" ni zaidi ya 66. Mkulima wa Ngao akisikia "maeneo machache", afahamu kwamba huenda shamba lake lisipate hata tone, na utabiri usiwe umekosea. Vilevile, siku mbili tatu za mwanzo wa juma hutabirika vizuri kuliko za mwisho, kwa hivyo ni vyema kusikiliza tena katikati ya juma.

Tahadhari ya mvua kubwa mara nyingi hutaja zaidi ya milimita 20 kwa saa 24. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita mraba. Paa la mabati lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5 likipata milimita 20 hutoa lita 600, yaani mapipa matatu ya lita 200. Kwa nyumba yenye mfereji wa paa, hiyo si habari mbaya.

Lakini maji yanayobomoa nyumba na kuzamisha mpunga Ngao mara nyingi hayatoki kwenye mawingu ya Ngao. Mto Tana huanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mvua ikinyesha sana Nyeri, Murang'a, Kirinyaga au Meru, maji yake husafiri siku kadhaa kabla ya kupita Garissa, Hola na Garsen. Ndiyo maana mto unaweza kupanda Ngao kukiwa na jua na anga jeupe. Wakaazi wa Tana Delta waliona mafuriko mwaka 2018, mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024.

Kwa hiyo baada ya kusoma mstari wa Pwani, mkaazi wa Ngao asome pia ule wa nyanda za juu mashariki ya Bonde la Ufa. Ukitaja mvua kubwa katika maeneo mengi, mto ufuatiliwe hata kama Tana River imetabiriwa ukavu.

Wengine husubiri habari za bwawa la Masinga kwanza. Ni kweli kwamba Masinga, lililo juu ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, huzuia maji mengi, na likijaa yanayozidi humwagika kuja chini. Hata hivyo mito ya Mutonga na Kathita huingia Tana chini ya mabwawa hayo yote. Masinga kutojaa si hakikisho.

Siku hizo kadhaa ndizo nafasi ya kujiandaa. Nafaka na mbegu zihamishwe kutoka ghala la ukingoni, vyeti na vitambulisho vifungwe kwenye mfuko wa plastiki, na wagonjwa na wajawazito wafikishwe penye barabara mapema, kabla mtumbwi haujawa njia pekee. Wafugaji walioshusha ng'ombe kwenye malisho ya delta wakati wa kaskazi huhitaji muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndama hawavuki maji mengi, na mamba hutoka mtoni maji yanapotanda. Ni afadhali waanze kupanda sehemu za juu mara mvua za milimani zinapotangazwa. Maji yakishaanza kupanda, mtu yeyote asivuke kwa miguu barabara iliyofunikwa. Atoe taarifa kwa mzee wa kijiji au chifu.