DO, FA NA SO: SOMO LA KWANZA KWA WAPIGA VYOMBO

Andiko la msingi: 1 Wakorintho 14:7-8

Paulo anawaonyesha Wakorintho kwamba filimbi au kinubi kikitoa sauti zisizoeleweka, hakuna atakayejua ni wimbo gani. Alikuwa anafundisha juu ya ndimi, lakini sisi wa vyombo tunajua mfano huo ni kweli tupu.

Jumapili moja nilikuwa kwa besi. Ndugu wa kinanda alikuwa amebonyeza kile kitufe cha kupandisha sauti. Vidole vyake vilikuwa kwa C, lakini spika ilitoa D. Mimi nikaangalia vidole, nikapiga C. Wapendwa, watu walikuwa wameinua mikono, wakaanza kuishusha mmoja mmoja. Kitufe hakikuwa na kosa. Sisi wawili ndio hatukuwa na lugha moja.

Lugha yenyewe ni hii:

1. Ngazi. Zile do, re, mi, fa, so, la, ti, zipe namba 1 hadi 7. Kati ya mi na fa, na kati ya ti na do ya juu, kuna nusu hatua. Kwingine kote ni hatua nzima. Ukianzia C, utapiga vibao vyeupe peke yake. Ukianzia D au G, mweusi utaingia, lakini mpangilio ni ule ule.

2. Kodi (si ile ya nyumba!). Ni sauti tatu kwa pamoja. Ya 1 ni do-mi-so. Ya 4 ni fa-la-do. Ya 5 ni so-ti-re. Hebu hesabu: sauti zote saba zimo humo. Ndiyo maana mapambio mengi yanapigika kwa kodi hizi tatu tu.

3. Kuhama. Kwa C, kodi 1, 4 na 5 ni C, F na G. Kwa D ni D, G na A. Kwa G ni G, C na D. Majina yanabadilika, namba hazibadiliki. Kwa hivyo kiongozi wa bendi akiinua vidole vinne, wa kinanda, gita na besi wote wanajua pa kwenda, hata mwimbaji akianzia wapi.

Wengine husema upako unatosha. Upako tunauhitaji, lakini Zaburi 33:3 inataka tupige kwa ustadi pia. Ustadi hauji madhabahuni Jumapili asubuhi. Unakuja kwa mazoezi.

Zoezi la wiki: Zima kile kitufe. Chukua pambio moja unalolijua, ulipige kwa C, kisha D, kisha G, ukitaja namba kwa sauti. Wa besi, ukipiga usiangalie kinanda. Sikiza.