Jino la Mtoto Asiyesema: Mafunzo Niliyopata

Mwanangu wa pili ana miaka saba. Ana mtindio wa ubongo na kifafa, na hasemi. Kwetu Nyambureti, wilayani Serengeti, mtoto kama huyu akipata homa kila jirani ana ushauri. Akiumwa jino, hakuna anayejua kwamba anaumwa.

1. Asiyesema, msome tabia

Alianza kwa kususa ugali. Uji wa vuguvugu anakunywa, wa moto analia. Kisha akawa anajipiga shavu la kushoto, usiku halali, na kifafa kikawa kinamwangusha mara kwa mara. Watu wakasema ugonjwa umempanda. Bibi yake ndiye aliyesema, "Hebu mwangalie kinywani." Kwa tochi ya simu na mpini wa kijiko tukaliona: gego la chini lina shimo la kutosha kuingia punje ya mtama, na fizi pembeni imevimba. Maumivu na kukosa usingizi vinatosha kuchokoza kifafa.

Tangu siku ile namkagua kila Jumapili akishaoga.

2. "Litang'oka lenyewe" si jibu

Magego ya utoto hukaa mpaka mtoto afike miaka kumi, hata kumi na miwili. Miaka yote hiyo atafunie nini? Maneno haya ya "litang'oka lenyewe" niliyasikia hata kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Afadhali yeye, maana mtoto alipokuwa mchanga na kuharisha, wapo waliotaka nimpeleke akatolewe "meno ya plastiki". Hakuna meno ya plastiki. Kinachochokonolewa pale ni vichipukizi vya chonge, tena kwa chombo kichafu, na watoto wamekufa kwa kuvuja damu na maambukizi.

3. Dawa zake zina neno na meno yake

Dawa nyingi za maji za watoto zina sukari. Ukimpa usiku akalala nayo, sukari inakesha kinywani. Mimi humpa kwanza, ndipo nampiga mswaki. Fenitoini, mojawapo ya dawa za kifafa, huweza kuotesha fizi mpaka zikafunika meno. Hapo dawa haiachwi kienyeji, anaulizwa daktari. Na mwenye selimundu au tatizo la moyo, daktari wa meno aambiwe kabla hajashika koleo, kwa kuwa wengine huhitaji maandalizi maalumu. Daftari la kliniki liende nanyi, na chupa za dawa zenyewe.

4. Si kila jino bovu ni la kung'oa

Zahanati ya kijijini haina kiti cha meno, kwa hiyo safari ni ya mjini Mugumu, na huko wengi wetu tumezoea neno moja tu: ng'oa. Kumbe kuna njia ya kuziba bila mashine wala umeme, nayo ilianzia hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya vijiji kama vyetu. Leo inatumika duniani kote. Nilipoambiwa hivyo nilicheka kwa uchungu kidogo: iliyozaliwa nyumbani tunaifuata kama ngeni.

Niliiona kwa macho. Daktari alivuta stuli, tukakaa tukitazamana, magoti yakigusana. Mtoto nikampakata akinitazama, miguu yake kiunoni kwangu, kisha tukamlaza taratibu mpaka kichwa kikatua mapajani mwa daktari. Mikono yake nimeishika mimi, uso wangu anauona. Hapakuwa na mlio wa mashine, na mlio ndio unaomtia hofu kuliko sindano. Daktari alikwangua uozo kwa kifaa kidogo kama kijiko, akakoroga unga na maji yake, akajaza shimo na kukandamiza kwa kidole. Alilia, ndiyo, ila hakupigana.

Hilo lilikuwa gego la kulia, ambalo nalo lilikuwa na shimo, ila bado dogo. La kushoto lilishachelewa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi ni, "Daktari, hili linazibika?" Ipo pia dawa ya kupaka yenye madini ya fedha na floridi, inayosimamisha uozo na kuacha doa jeusi. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Doa jeusi mimi halinisumbui.

5. Mwanza ni nauli, si matibabu tu

Jino la kushoto lilihitaji kung'olewa kwa dawa ya usingizi, tukapewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Sera ya Afya ya 2007 inawasamehe gharama watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali, wangu ameshavuka. Hapo mlango ni ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, inayopima hali ya familia na kuandika msamaha. Nendeni huko kabla ya kufika dirisha la malipo. Nauli, chakula na pa kulala haviandikiwi msamaha na mtu. Nenda na mwenzako, kwa sababu mtoto akizinduka usingizini atataka kupakatwa wakati huohuo jina lake linaitwa dirisha la dawa. Na kabla ya kupanda basi, piga simu uhakikishe kwamba daktari wa usingizi yupo wiki hiyo.