Reli ya Matofali Chini ya Kitanda

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nilipofika nyumbani Tabora kwa likizo ya Desemba nilimkuta mdogo wangu, mtoto wa miaka tisa, amelala kitandani, mguu wake wa kulia umefungwa plasta tangu pajani hata vidoleni. Alikuwa ameanguka mwembeni. Daktari alikataza asikanyage chini kwa muda wa wiki sita, na zilikuwa zimekwisha mbili tu. Kulia alikwisha choka. Sasa aligeukia ukuta kutwa nzima, na chakula alikionja tu, kisha akakisukuma kando. Mama aliniambia, "Mwanangu, huyu mguu utapona, lakini mwenyewe ananitia hofu."

Mvunguni mwa kitanda chake palikuwa na sanduku la karatasi alilotuletea shangazi yetu anayekaa Denmark. Ndani yake mlikuwa na matofali ya plastiki ya kuchezea, yale yaitwayo LEGO, pamoja na kichwa cha treni, mabehewa mawili, reli 16 za kupinda na reli 4 zilizonyooka. Vitu hivyo vilikwisha tumika na mtoto mwingine, wala hapakuwa na karatasi ya maelezo. Basi nikasema moyoni, nitamjengea reli. Sikujua kwamba nitajikuta katika hesabu za Kidato cha Pili.

Kwanza niseme machache juu ya matofali yenyewe. Yanatoka Billund, mji mdogo wa Denmark, ambako seremala aitwaye Ole Kirk Christiansen alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Jina LEGO limetokana na maneno mawili ya Kidenmark, maana yake "cheza vizuri". Namna ya kushikamana ya tofali tulijualo iliandikishwa kisheria mwaka 1958, na tofali la mwaka ule bado linashikana na la leo. Treni zilianza kuuzwa mwaka 1966. Juu ya kila tofali mna vinundu, na kutoka katikati ya kinundu kimoja hata katikati ya kinachofuata ni milimeta 8. Kipimo hiki kishike sana, maana kila kitu kingine hutoka hapo.

Shida yetu ilikuwa nafasi. Nyumba yetu ina vyumba viwili. Katika chumba cha mdogo wangu mna kitanda cha futi nne kwa sita, cherehani ya mama, na meza ya kukatia nguo yenye urefu wa sentimeta 120 na upana wa sentimeta 60. Desemba ndio mwezi wa kushona sare za shule, na fedha za sare ndizo zilizokuwa zikilipa gharama za hospitali. Mama alinionya wazi: "Juu ya meza hii nisikute kitu wakati wa kazi. Nitakitupa nje, hata kama kimetoka Ulaya."

Usiku wa kwanza, mama alipokwisha kukunja vitambaa vyake, nilipanga reli juu ya meza bila kupima. Hili ndilo kosa la kila mtu. Reli moja ya kupinda hugeuza njia kwa nyuzi 22 na nusu, kwa hiyo reli 16 hufanya duara zima. Kutoka kitovu cha duara hata katikati ya njia ni vinundu 40, yaani sentimeta 32. Taruma lina upana wa vinundu 8, hivyo ongeza vinundu 4 kila upande, na upana wa duara lote, toka ukingo mpaka ukingo, ni vinundu 88, yaani sentimeta 70.4. Meza ina 60! Duara likaning'inia zaidi ya sentimeta 5 kila upande. Nilidhani reli zitajishikilia zenyewe. Kichwa cha treni kilipofika pale hewani, kiungo kikafunguka, na treni nzima ikaanguka juu ya sakafu ya saruji. Ekseli moja tuliitafuta siku mbili, hata mama akaiona ndani ya kikapu cha vifungo. Walakini kwa mara ya kwanza tangu nifike, mdogo wangu alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Alikuwa anacheka.

Asubuhi nilichukua futi ya mama nikapima kila kitu nyumbani, pamoja na mvungu wa kitanda. Nawashauri nanyi mfanye hivyo kabla ya kugusa tofali hata moja. Watu husema hawana nafasi, kumbe hawajapima. Mvunguni mna urefu wa kutosha na kimo cha sentimeta 30, na treni yetu haifiki hata sentimeta 12. Nikaenda kwa seremala jirani, akaniuzia kwa bei nafuu kipande cha plaiwudi kilichobaki, sentimeta 122 kwa 80. Reli mbili zilizonyooka zikiingizwa kila upande wa duara, urefu unakuwa 70.4 na 25.6, yaani sentimeta 96, na upana unabaki 70.4. Ubao ukatosha na nafasi ikabaki pembeni. Nikapigilia fito nyembamba kuuzunguka ukingo ili treni isianguke tena, nikatoboa tundu mbili na kupitisha kamba. Mchana ubao unalala mvunguni. Jioni nauvuta kwa kamba na kuuweka juu ya meza, na ukipita ukingo wa meza haidhuru, kwa sababu ubao wenyewe ni mgumu.

Je, wewe ambaye huna nafasi ya duara? Wengine hupanga njia moja iliyonyooka juu ya rafu, treni ikaenda na kurudi. Ni shauri jema, lakini tazama hesabu yake. Reli iliyonyooka ina vinundu 16, yaani milimeta 128. Juu ya rafu ya sentimeta 122 zitaingia reli 9, ambazo ni sentimeta 115. Treni yenye urefu wa sentimeta 90 itatembea sentimeta 25 tu, nayo hiyo si safari, ni kujinyoosha. Afadhali kichwa kifupi na behewa moja fupi.

Baba yetu amefanya kazi ya kukagua njia ya reli kwa miaka mingi. Jioni ya tatu alisimama mlangoni akitazama, kisha akauliza, "Hii ni meta geji au ni hii mpya?" Hakuna aliyeweza kumjibu, basi tukapima. Nafasi kati ya reli mbili za kuchezea ni yapata milimeta 37.5. Njia ya kati ya Tanzania, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ina milimeta 1,000. Gawanya, utapata 26.7: kila kitu kimepunguzwa yapata mara 27. Reli mpya, ambayo treni zake za abiria zilianza kwenda kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma mwaka 2024, ina milimeta 1,435, na jibu lake ni mara 38. Sasa mtu wa LEGO ana kimo cha sentimeta 4. Katika reli mpya atakuwa na sentimeta 153, mtu mfupi wa kawaida. Katika reli ya Tabora atakuwa na sentimeta 107 tu. Baba akasema, "Basi abiria wote ni wa chekechea, na dereva pia. Mimi sipandi." Ukweli ni kwamba vitu hivi vya kuchezea havifuati kipimo kimoja, na anayetaka kila kitu kilingane atakonda bure.

Mdogo wangu alitaka daraja: njia ipite juu ya njia. Nikamwonyesha kwa nini haiwezekani. Kipande chembamba kabisa cha LEGO kina kimo cha milimeta 3.2. Ukiongeza kimoja chini ya kila reli, unapanda 3.2 kwa kila 128, yaani 1 kwa 40. Ili treni ipite chini ya nyingine inatakiwa sentimeta 12 hivi. Zidisha kwa 40, ni sentimeta 480 za kupanda, na 480 nyingine za kushuka, na njia yetu yote kuzunguka mara moja ni sentimeta 252. Ukipandisha kwa ukali zaidi magurudumu huteleza, kwa sababu gurudumu laini juu ya reli laini halishiki kama tairi juu ya barabara. Alinuna. Baba ndiye aliyetuokoa, akasema kwamba penye mto reli haipandi mlima, bali mto ndio ulio chini. Tukainua njia yote sawasawa kwa tabaka za karatasi ngumu ya maboksi, tukaacha pengo moja, na ndani ya pengo tukatandika kitambaa cha buluu kilichobaki katika sare. Daraja likapatikana pasipo mlima. Fito za matofali chini yake ni za pambo tu, maana kilichobeba reli pale ni kipande cha plaiwudi, na siioni haya hata kidogo.

Sasa nifike penye somo lililonigharimu zaidi. Tulijenga stesheni ya Tabora upande wa ndani wa kona, ukingo wa jukwaa ukigusa mataruma. Kichwa cha treni kilipita salama. Behewa la kwanza likalipiga jukwaa kwa tumbo, likaangusha abiria wanne. Tukalijenga upya, likaangushwa tena. Nikadhani reli imepinda vibaya.

Kosa halikuwa katika reli. Behewa refu halipindi. Huketi juu ya vigari viwili vya magurudumu, kimoja mbele na kimoja nyuma, na mwili wake ni mstari mnyoofu uliokata kona kama mtu anayepita njia ya mkato. Umbali kati ya vigari vyetu ni sentimeta 20. Chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimeta 32, weka ndani yake mstari wa 20 unaogusa duara kwa ncha mbili, kisha shuka kutoka kitovu mpaka katikati ya mstari huo. Umepata pembetatu mraba: upande mrefu ni 32, mmoja mfupi ni 10. Kwa kanuni ya Pythagoras, upande wa tatu ni kipeo cha pili cha 1,024 kutoa 100, yaani cha 924, ambacho ni 30.4. Kwa hiyo katikati ya behewa husogea ndani kwa sentimeta 1.6. Ongeza nusu ya upana wa behewa, 2.4, na tumbo linafika sentimeta 4 kutoka katikati ya njia. Taruma linaishia 3.2. Tofauti ni milimeta 8, kinundu kimoja kamili! Tulisogeza jukwaa nyuma vinundu viwili na abiria hawakuanguka tena. Ncha za behewa nazo hutokeza upande wa nje wa kona, hivyo pande zote mbili zipewe nafasi. Mwalimu wetu wa Hisabati akisoma haya atajua kwamba siku ile alipotufundisha nilikuwa nasinzia.

Kuhusu umeme nitasema kwa ufupi. Baadhi ya treni za zamani za kampuni hiyo zilipokea umeme kutoka reli za chuma. Yetu hubeba betri ndogo sita ndani yake. Sita mara volti 1.5 ni volti 9. Ukitumia zile za kuchajiwa, za volti 1.2, utapata 7.2, na treni itakwenda polepole zaidi, jambo ambalo kwangu ni zuri. Betri ni ghali, kwa hiyo tuliendesha dakika kumi tu kila jioni. Katika kona msuguano huwa mwingi, maana katika mzunguko mmoja reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani kwa yapata sentimeta 24, na magurudumu lazima yaburuzwe kidogo. Ndiyo sababu hatukuongeza behewa la tatu.

Jambo la mwisho lilitokana na mama. Alisema treni inayozunguka mbele ya macho inamtia kizunguzungu. Akachukua kipande cha kitenge cha kijani, akakishona juu ya waya, akakisimamisha kukata ubao katikati kama mlima. Sasa treni huondoka stesheni, huvuka mto, na kupotea nyuma ya kitenge. Hapo huisimamisha mdogo wangu, akahesabu hata ishirini. Yeye amelala, macho yake yapo sawa na reli, na kwake treni ile imekwenda kweli. "Ipo Urambo," husema. Akihesabu arobaini imefika Kaliua. Siku moja alihesabu muda mrefu sana, hata uji wake ukaisha bakulini bila kulazimishwa, kisha akatangaza kwamba abiria wote wameshuka Kigoma na wanatazama ziwa.

Plasta ilifunguliwa siku chache baada ya mwaka mpya, nami nikarudi shuleni. Wiki iliyopita nimepata barua yake. Anatembea bila fimbo. Ameibomoa stesheni na kuijenga upande wa nje wa kona, na sasa behewa linaipiga kwa ncha. Anauliza asogeze vinundu vingapi. Urefu wa behewa lote ni sentimeta 28; nimemwandikia kipimo hicho, na duara nimemchorea nyuma ya barua, lakini jibu sikumpa.