Udongo wa Kishushe: Rangi, Umbile na Mazao

Utangulizi

Makala haya yanachunguza sifa za udongo wa Kishushe, eneo la nyanda kavu chini ya Milima ya Taita, Kaunti ya Taita Taveta, pamoja na mimea inayostawi humo. Hoja kuu ni kwamba jina "udongo mwekundu" halimtoshelezi mkulima. Rangi hudokeza asili ya udongo. Haielezi uwezo wake wa kuhifadhi maji. Palipo na mvua haba, anayechanganya mambo hayo mawili hupoteza mbegu na msimu mzima.

Asili ya wekundu

Milima ya Taita, ambayo kilele chake kirefu ni Vuria chenye mita 2,208, imeundwa kwa miamba mikongwe iliyogeuzwa umbo na joto na mgandamizo wa ardhini. Miamba hiyo inapochakaa, chuma kilichomo huungana na oksijeni na kufanya kutu. Kutu hiyo ndiyo inayoupaka udongo rangi, nao udongo ukawapaka hata ndovu wa Tsavo. Kishushe yenyewe inajulikana kwa madini ya chuma. Hata hivyo, wingi wa chuma si wingi wa rutuba. Rutuba hutegemea pia nitrojeni, fosforasi na mboji, na mboji huwa chache mahali ambapo majani ya kuoza ni machache.

Umbile la udongo

Kiswahili kina istilahi tatu zifaazo hapa: kichanga, mfinyanzi na tifutifu. Chembe ya mchanga yaweza kufikia milimita 2, ilhali ya mfinyanzi haifiki milimita 0.002. Kichanga hupitisha maji upesi, mfinyanzi huyashika, tifutifu huwa kati na kati. Mwanafunzi aweza kuthibitisha hayo kwa kutia udongo na maji katika chupa angavu, kuitikisa, kisha kuiacha itulie. Mchanga hutua kwanza, mfinyanzi mwisho kabisa.

Udongo mwekundu wa nyanda kavu aghalabu huchanganya mchanga na mfinyanzi. Ukikauka huwa mgumu, na matone ya mvua kubwa huuziba uso wake kwa gamba jembamba, maji yakatiririka badala ya kupenya. Kwa mintarafu hii, methali "Udongo uwahi ungali maji", ambayo kwa kawaida hufasiriwa kwa kurejelea ufinyanzi na malezi, hupata maana ya kilimo: mkulima hana budi kuwahi unyevu, na kukinga maji kwa matuta kabla hayajakimbia.

Mazao

Huko milimani, Wundanyi na Werugha, mvua ni nyingi zaidi, na kabeji, maharagwe na migomba hustawi. Taveta nako, udongo wa volkeno na chemchemi zitokazo Kilimanjaro hulea migomba. Nyanda kavu kama za Kishushe zinafaa zaidi mtama, kunde, mbaazi, muhogo na pojo, yaani ndengu. Mtama hukunja majani na kusitisha ukuaji wakati wa ukame, kisha huendelea mvua irudipo. Pojo hukomaa kwa takriban siku 60 hadi 90. Kunde na mbaazi, kwa msaada wa bakteria mizizini, hurejesha nitrojeni ardhini. Mahindi, kinyume chake, huathirika vibaya yakikosa maji wakati wa kuchanua, hata kama udongo ni mwekundu na wa kupendeza macho.

Hitimisho

Imebainika kwamba wekundu ni mmoja, ila ardhi ni nyingi. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na tangu mwaka 2013 huduma za kilimo zimekuwa jukumu la kaunti. Hivyo, ushauri wa udongo unapaswa kumfikia mkulima kwa lugha anayoielewa. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa kukusanya msamiati wa udongo unaotumiwa na wakulima, ukiwemo wa Kidawida, na kuulinganisha na istilahi za vitabuni. Neno "kichanga" likitamkwa mahali pake, huenda likaokoa debe la mbegu.