Kompyuta ya Sataranji na Sheria ya Hatua Hamsini

Katika sataranji, kete zikisalia chache, kompyuta haina haja ya kukisia. Huanzia mwishoni: huorodhesha kila hali ambamo mfalme amekwisha kufungwa, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua, ikiandika hali ziwezazo kulazimishwa kufika hapo. Hali isiyofikiwa na hesabu hiyo kwa upande wowote ni sare.

Mwaka 1983 Ken Thompson wa Marekani alichunguza hivyo maaskofu wawili dhidi ya farasi mmoja, kila upande ukiwa na mfalme wake. Tangu 1851, kwa hoja za Kling na Horwitz, iliaminika kuwa farasi akikaa mahali pafaapo hujiokoa. Jedwali lilikanusha: maaskofu hushinda kwa kawaida, ila huenda zikahitajika hatua 66 kabla farasi hajaliwa.

Hapo ndipo penye utata. Sheria humruhusu mchezaji kudai sare iwapo kila upande umecheza hatua 50 pasipo kete kuliwa wala askari kusogezwa. FIDE, shirikisho la kimataifa, lilipata kuongeza idadi hiyo kwa hali chache. Mwaka 1992 likarejea 50 kwa zote.

Basi kujua nani mshindi hakutoshi. Tena njia fupi kabisa ya kumfunga mfalme si lazima iwe ndiyo inayowahi kula kete. Kwa sababu hiyo majedwali ya Syzygy, aliyoyatoa Ronald de Man mwaka 2013, hupima umbali hadi hatua inayoanzisha hesabu upya, na ushindi unaopita kikomo huuweka katika daraja la pekee: ushindi uliogeuzwa sare na sheria.