Sindano Ndogo za Botulini kwa Ngozi ya Mafuta: Ushahidi Unasema Nini kwa Mgonjwa wa Tabora?

Utangulizi

Tabora ni mji wa njia panda. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa kabla ya kuendelea Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba sehemu kubwa ya mizigo yake. Reli ilifika mwaka 1912, na hadi leo njia zake hugawanyika hapa, moja ikielekea Kigoma na nyingine Mwanza. Kwa njia hizohizo huja dawa na vipodozi, na pamoja navyo huja sifa za tiba ambazo mgonjwa hajapata kuziona. Mojawapo ni sindano ndogo za sumu ya botulini zinazodaiwa kukausha mafuta ya uso. Makala haya yanakusudia kumwezesha mhudumu wa afya kulijibu swali la mgonjwa kwa ushahidi, na kumwezesha mgonjwa kuipima ahadi kabla ya kuilipia.

Mafuta ya ngozi hutoka wapi?

Tezi za mafuta zimesongamana zaidi kwenye paji la uso, pua, kidevu, kifua na sehemu ya juu ya mgongo. Mafuta yake hulainisha ngozi na nywele. Kichocheo kikuu cha tezi hizo ni homoni za androjeni, ambazo wanaume na wanawake wote wanazo. Ndiyo maana uso huanza kung'aa wakati wa balehe. Urithi nao una nafasi yake, na joto la Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, huifanya hali ionekane zaidi.

Kwa hiyo ngozi ya mafuta si uchafu, na peke yake si ugonjwa. Hata hivyo, mhudumu asiipuuze. Mwanamke mwenye ngozi ya mafuta na chunusi nyingi, ambaye pia hedhi yake haina mpangilio au anaota ndevu, anahitaji kuchunguzwa homoni na mifuko ya mayai. Mtu mzima ambaye uso wake umeanza kutoa mafuta mengi huku mikono ikitetemeka na mwendo ukiwa mzito achunguzwe ugonjwa wa Parkinson.

Sindano hizi hufanya kazi vipi?

Sumu ya botulini hutengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Kwa kiasi kidogo sana kilichosafishwa, ni dawa: huzuia mishipa ya fahamu kutoa asetilikolini, kemikali inayopeleka amri kwenye misuli na tezi. Mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha itumike kwa makengeza na kwa kope zinazokazana zenyewe, mwaka 2002 kwa makunyanzi ya kati ya nyusi, na mwaka 2004 kwa jasho la kupindukia la kwapani. Kupunguza mafuta ya ngozi hakumo katika matumizi hayo yaliyoidhinishwa.

Wazo la kuitumia kwa mafuta lina msingi wa kibiolojia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba seli za tezi za mafuta zina vipokezi vya asetilikolini, na kwamba kemikali hiyo huzichochea kutengeneza mafuta. Ikizuiwa, mafuta yatarajiwe kupungua. Daktari huchoma matone madogo ndani ya ngozi yenyewe, juu ya misuli, yakiachana kwa takriban sentimita moja.

Ushahidi uliopo

Mwaka 2008 daktari mmoja wa Marekani alitoa taarifa ya wagonjwa 20 aliowachoma sindano hizi. Baada ya mwezi mmoja, 17 kati yao waliona mafuta yamepungua na vitundu vya ngozi vimekuwa vidogo. Matokeo hayo yanavutia, lakini hapakuwa na kikundi cha kulinganisha. Mtu aliyelipia tiba na kuitarajia ana sababu ya kuuona uso wake umebadilika.

Mwaka 2013 watafiti wengine wa Marekani waliwafuatilia watu 25 waliochomwa kwenye paji la uso, wakipima mafuta kwa kifaa badala ya kutegemea macho. Mafuta yalipungua, na upungufu huo uliendelea kuonekana hadi mwezi wa tatu. Wengi wa washiriki waliridhika.

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Korea Kusini wenye watu 42 waliogawanywa kwa bahati nasibu katika dozi mbili, bila washiriki wala wapimaji kujua nani kapewa ipi. Sindano zilikuwa za makunyanzi ya paji la uso na ziliingia kwenye misuli, lakini mafuta pia yalipimwa. Yalipungua kuzunguka sehemu zilizochomwa, na kufikia wiki ya 16 yalikuwa yamerudi katika kiwango cha awali. Dozi kubwa haikuleta faida iliyolingana na ukubwa wake.

Tukiziunganisha tafiti hizi tatu, tunapata mambo mawili. Kwanza, dalili kwamba mafuta hupungua ni ya kweli. Si uzushi wa wauzaji. Pili, idadi ya waliochunguzwa ni ndogo, muda wa ufuatiliaji ni mfupi, na faida hudumu miezi mitatu hadi minne tu. Anayetaka uso ubaki hivyo atarudia sindano mara tatu au nne kila mwaka. Tena, hakuna hata mmoja kati ya tafiti hizo uliofanyika Tanzania. Kwa ngozi nyeusi tunapaswa kukumbuka jambo la ziada: kila jeraha, hata tundu la sindano, linaweza kuacha doa jeusi.

Hatari, na suala la mnyororo baridi

Mikononi mwa daktari aliyefunzwa, madhara ya kawaida ni maumivu, michubuko na uvimbe mdogo. Dawa ikizama hadi kwenye misuli, nyusi zinaweza kushuka au uso ukapoteza ulinganifu kwa wiki kadhaa. Haifai kwa mjamzito, anayenyonyesha, mwenye maambukizi mahali pa kuchomwa, wala mwenye ugonjwa wa misuli kulegea kama mayasthenia. Dawa za jamii ya jentamaisini zinaweza kuzidisha nguvu zake. Vizio vya chapa moja pia havilingani na vya chapa nyingine, hivyo dozi haihamishwi kwa kukisia.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye chupa yenyewe. Dawa hii huhifadhiwa kwa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, kiwango kilekile ambacho wahudumu wetu hukilinda kwa ajili ya chanjo. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora kwa reli ni zaidi ya kilomita 800. Chupa iliyosafiri ndani ya begi, bila kumbukumbu ya joto, haina mtu anayeweza kuithibitisha. Kuna pia bidhaa bandia: mwezi Aprili 2024 Marekani ilitangaza watu 22 katika majimbo 11 waliodhurika baada ya kuchomwa sindano bandia au zilizoshughulikiwa visivyo. Mtu aliyechomwa kisha akaanza kuona vitu viwiliviwili, kope kulegea, kushindwa kumeza au kupumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja.

Kabla ya sindano: hatua zilizo karibu

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mwalimu wa kike mwenye miaka 26 anafika kituo cha afya huko Urambo. "Daktari, nimeweka akiba niende Dar nikachomwe sindano ya kukausha mafuta. Je, niende?" Jibu jema halianzi na ndiyo wala hapana. Linaanza na swali: "Dada, kwa sasa unapaka nini?"

Mara nyingi jibu la swali hilo ndilo lenye ufumbuzi. Mafuta ya mgando usoni, au mafuta mazito ya nywele yanayoteremka hadi kwenye paji la uso, huziba vitundu; chunusi za aina hiyo zilielezwa na madaktari wa Marekani tangu mwaka 1970. Kusugua uso kwa sabuni kali ya kufulia huuwasha ngozi bila kupunguza kazi ya tezi. Mkorogo ni hatari zaidi: huweza kuwa na steroidi, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi hutuliza chunusi kwa muda, kisha huacha ngozi nyembamba yenye chunusi nyingi kuliko mwanzo. Zebaki huharibu figo.

Baada ya hapo, fuata hatua hizi kwa utaratibu:

1. Nawa uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, bila kusugua.
2. Acha mafuta mazito usoni. Tumia losheni nyepesi isiyoziba vitundu.
3. Niasinamaidi ya asilimia 2 inaweza kujaribiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha Wajapani 100, ulionyesha kwamba ilipunguza utoaji wa mafuta ndani ya wiki nne.
4. Kama kuna chunusi, mtabibu aandike adapaleni ya usiku au benzoili peroksaidi. Adapaleni isitumiwe na mjamzito. Benzoili peroksaidi huchujua rangi ya kanga na foronya.
5. Subiri wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema dawa ya chunusi imeshindwa.
6. Chunusi kali zenye makovu zipelekwe rufaa. Vidonge vya isotretinoini hupunguza mafuta sana, lakini humdhuru mtoto aliye tumboni. Havitolewi bila kipimo cha mimba na uzazi wa mpango wa uhakika.

Rufaa haina budi kuanza karibu: Hospitali ya Kitete mjini Tabora, au Nkinga wilayani Igunga. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwaandaa wataalamu wa fani hii tangu mwaka 1992.

Hitimisho

Sindano ndogo za botulini hupunguza mafuta ya ngozi kwa kiasi na kwa muda mfupi. Ni chaguo la mwisho kwa mtu mzima aliyekwisha kujaribu hatua nyepesi, anayeelewa kwamba matumizi haya hayamo katika idhini tulizozitaja, na aliyempata daktari mwenye dawa iliyosajiliwa na TMDA na kutunzwa katika baridi. Mwalimu wetu wa Urambo anaweza kuihifadhi akiba yake kwa miezi mitatu. Huenda asiihitaji tena kwa safari hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini taarifa ya wagonjwa 20 ya mwaka 2008 haitoshi kuthibitisha tiba?
2. Taja dalili tatu baada ya sindano zinazohitaji hospitali bila kuchelewa.
3. Ni maswali gani utamuuliza mgonjwa mwenye ngozi ya mafuta kabla ya kumwandikia dawa yoyote?